Kimea cha shayiri kwa tumbo lililovimbiwa: namna ya kukiandaa nyumbani kwa njia ya Kichina

Aliyekulia kwenye nyumba inayotengeneza togwa anakijua kimea. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, kisha kijiko kimoja kinatiwa kwenye uji mzito, nao unalainika huku unautazama. Wachina hufanya hivyo hivyo kwa shayiri, ila wao hawakuishia kwenye uji. Kimea cha shayiri, wanachokiita maiya, wamekiweka kwenye kabati la dawa, na mtu aliyevimbiwa kwa wali au tambi bado huandikiwa hicho hadi leo.

Mimi nilijifunza tiba ya Kichina Guangzhou, kusini mwa China, na maiya ni dawa ninayoishika karibu kila wiki. Naeleza hapa namna ya kuiandaa mwenyewe, kwa sababu si ngumu, na kwa sababu kuna kosa moja juu yake ambalo limewaumiza akina mama.

Kwanza fikra yenyewe. Kwa tabibu wa Kichina, maiya ina ladha tamu, haina ubaridi wala umoto, na huelekea kwenye wengu, tumbo na ini. Wanaposema wengu hawamaanishi kiungo kile cha upande wa kushoto peke yake. Wanamaanisha kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu ya mwili. Mbegu iliyochipua, wanasema, ina msukumo wa kupanda, kwa hiyo hufungua kilichokwama. Ndiyo maana wanampa maiya aliyevimbiwa kwa chakula cha wanga: wali, mkate, viazi, tambi. Aliyevimbiwa kwa nyama ya mafuta huongezewa shanzha, tunda dogo jekundu lenye ukali, linalouzwa likiwa vipande vikavu.

Hatua ya 1: hakikisha ni shayiri kweli

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuna nafaka nyingine ya Kichina, yiyiren, ambayo kwenye pakiti hutafsiriwa shayiri ilhali si shayiri. Ni ndugu wa zile mbegu ngumu ambazo watu hutoboa kutengenezea tasbihi. Guangzhou huinywa sana majira ya kuchipua, unyevu unapozidi mpaka kuta zinatoka jasho, kwa sababu kazi yake kwao ni kuondoa unyevu mwilini. Mkanganyiko unazidishwa na Wakantoni, wenyeji wa Guangzhou, wenyewe: shayiri iliyokobolewa wanaiita yiyiren ya kigeni.

Tazama punje. Ya yiyiren ni kubwa, ya mviringo, ina mfereji mpana wa kahawia upande mmoja. Ya shayiri ni ndogo, ndefu kidogo, na mstari wake ni mwembamba. Wajawazito hutahadharishwa na yiyiren, kwa hiyo tofauti hii si ya jina tu.

Nunua shayiri nzima yenye ganda. Iliyokobolewa haichipui. Wala usichukue mbegu za kupandia shambani: nyingi zimepakwa dawa ya wadudu au ya ukungu, na kuosha hakutoshi kuiondoa.

Hatua ya 2: loweka

Chukua gramu 250. Osha mpaka maji yatoke safi, toa punje zinazoelea, kisha loweka usiku mmoja. Kwenye joto kama la pwani badilisha maji mara moja katikati, yasije yakachacha.

Hatua ya 3: otesha

Chuja, tandaza kwenye chujio au ungo, unene usizidi kidole kimoja, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu. Suuza kwa maji safi asubuhi na jioni, na ugeuze punje kwa mkono kila mara, maana zikirundikana hupata joto na kuoza. Vitakavyotoka kwanza ni vijizizi vyeupe. Usidanganyike ukadhani kazi imekwisha. Chipukizi lenyewe huja nyuma yake. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataka lifike kama milimita 5, na punje zilizochipua zisipungue 85 kwa kila 100. Kwa kawaida ni siku tatu hadi tano, na penye joto huwahi zaidi.

Harufu nzuri ni ya tango lililokatwa. Ukiona utando wa kijivu au kijani, au ukisikia harufu ya uvundo, mwaga vyote. Usichambue ukabakiza vizuri. Ukungu hauishii pale unapoonekana.

Hatua ya 4: kausha

Anika juani kwenye safu nyembamba mpaka punje ivunjike kwa meno kwa mlio. Mvua ikikuharibia, tumia jiko la oveni kwa moto wa chini kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo.

Hatua ya 5: moto

Hapa ndipo dawa inapogawanyika, na mimi naona ndipo ufundi ulipo. Maiya isiyokaangwa hutumiwa hasa pale tumbo linapogoma kwa sababu ya hasira na mawazo, hali ambayo Wachina huiona kama ini lililokwama. Iliyokaangwa bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka iwe na rangi ya hudhurungi na inukie kama mkate, ndiyo ya kuvimbiwa kwa kawaida. Ukiendelea mpaka nje iwe kahawia iliyokolea na ndani njano, unapata jiao, iliyobabuliwa, ambayo huchanganywa na shanzha na chachu ya dawa iitwayo shenqu, navyo vikababuliwa vilevile. Mchanganyiko huo wa vitatu huandikwa sana, hata kwa watoto.

Wapo wanaosema faida yote ya maiya ni vimeng'enya vinavyovunja wanga. Sikubaliani nao, kwa sababu vimeng'enya hufa kwa moto, na dawa hii hukaangwa kisha ikachemshwa. Ukivitaka vimeng'enya, fuata njia ya bibi zetu: saga kimea kikavu kisichokaangwa, kitie kwenye uji ulioiva ukiwa vuguvugu, na ukishalainika urudishe jikoni uchemke tena, maana nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu.

Hatua ya 6: chemsha na unywe

Pima gramu 10 hadi 15 za kukaangwa, kama vijiko viwili vya chakula. Tia kwenye maji mililita 600, chemsha kwa dakika 20, chuja. Kunywa yakiwa ya moto baada ya chakula, kikombe mchana na kikombe jioni, kwa siku mbili au tatu. Mlo ukiwa wa mafuta, ongeza gramu 10 za shanzha. Sukari usitie.

Anayenyonyesha asinywe

Hili ndilo kosa nililolitaja. Maiya hukausha maziwa. Kitabu kile kile cha dawa kinaagiza gramu 60 za kukaangwa kwa mama anayemwachisha mtoto, na ndivyo inavyotumiwa hospitalini China. Nilimpokea mama mwenye mtoto wa miezi minne aliyeambiwa na muuzaji kwamba chai ya shayiri huongeza maziwa. Alikunywa birika zima kila siku, na alipofika kwangu mtoto alikuwa akilia njaa. Tuliisimamisha siku ile ile, tukarudi kunyonyesha mara kwa mara, lakini ilichukua muda, na nilimwonea uchungu sana. Mimi hata kwa dozi ndogo simwandikii anayenyonyesha.

Shayiri ina gluteni, protini iliyomo pia kwenye ngano, hivyo mwenye ugonjwa wa seliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, aiepuke kabisa. Mwenye kisukari ajue kimea kina sukari yake. Na tumbo linalouma wiki baada ya wiki, kupungua uzito bila sababu, au damu kwenye choo, hayo ni ya hospitali, wala usiyasubirishe kwa kikombe cha maiya.

Kimea kilichobaki kihifadhi kikiwa kikavu na bila kukaangwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, ukikaange kidogo kidogo kadiri unavyotumia, kwa sababu harufu ya kukaangwa hupotea haraka. Kifungue kila wiki ukikague. Ukiona vumbi la unga chini ya chupa, wadudu wameingia. Mwaga, ukaoteshe kingine.