Ukiingia maabara ya umetaboli, anza na watu

Nina miaka 11 nikiwa fundi katika maabara ya umetaboli (jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu) ya chuo kikuu, na kila mwanafunzi mpya hunijia na swali lilelile: "Nianze kujifunza mashine ipi?" Mashine ziache kwanza, zipo tu. Watafute watu, maana kila mmoja wao ameshika kipande cha jaribio lako ambacho hakikuandikwa kwenye mwongozo wowote.

Nenda kwanza kwa mtunza panya, tena asubuhi. Muulize: panya wangu wamekula lini? Panya hula zaidi usiku, kwa hiyo unayempima saa tatu asubuhi ni kama mtu aliyetoka kula sasa hivi. Ukimnyima chakula usiku kucha nako umezidisha, kwani glaikojeni, ile akiba ya sukari ya kwenye ini, inakuwa karibu imekwisha. Sisi huondoa chakula asubuhi na kusubiri kwa muda wa saa 5 au 6. Mtunza panya ndiye atakayekwambia ubadilishe na kizimba, la sivyo watatafuna makombo yaliyobaki kwenye matandiko na mfungo wako utakuwa wa jina tu. Mwombe pia akufundishe kuwashika siku kadhaa kabla ya kipimo. Panya akiogopa, sukari yake hupanda kabla hata hujampa glukosi. Utapima sukari ya damu dakika ya 0, 15, 30, 60 na 120 ukidhani unaona kazi ya insulini, kumbe unaona woga.

Wa pili ni mwendesha spektromita ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wao. Usimpelekee sampuli, mpelekee mpango, wiki mbili kabla. Atakuuliza ziko ngapi, umezitoa kwa kimiminika gani, na seli umeziosha kwa kimiminika kipi. Hilo la mwisho ndilo humkunja uso. Ukiosha kwa maji ya chumvi ya fosfeti na kuyaacha yabaki, chumvi hiyo huzima ishara ya molekuli unazozitafuta na kuichafua mashine yake. Tenga pia nafasi za vichupa vitupu na za mchanganyiko wa sampuli zako zote, vipite katikati ya foleni ili ajue mashine imeyumba au haikuyumba. (Wetu hasalimiwi akiwa anatazama skrini. Subiri ageuke.)

Sasa kugandisha kiungo papo hapo kabla hakijabadilika, kazi ambayo huwezi kuifanya peke yako. Mwanafunzi mmoja alikata ini vizuri kabisa, akaliweka kwenye kisahani, halafu akaanza kutafuta kalamu ya kuandikia kichupa. Haikufika hata dakika mbili. Majibu yalipotoka, laktati (asidi inayojaa oksijeni ikikosekana) ilikuwa juu na ATP (molekuli inayobeba nguvu ya seli) chini kwa panya wote, wagonjwa kwa wazima. Alikuwa amepima ini lililokosa oksijeni. Kwa hiyo andika vichupa jana yake, kwa kalamu inayostahimili baridi. Siku yenyewe mmoja akate, mwingine asimame na koleo lililokwisha kupozwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi −196. Mimi humwambia mkataji aseme "shika", nami nabana hapohapo. Fanyeni mazoezi kwa kipande cha sponji mpaka mikono isigongane.

Mwanatakwimu mwone kabla ya kuagiza panya. Ukiwapa dawa kwa kizimba, yeye atahesabu vizimba, na wale panya 20 wako wanaokaa watano watano watageuka 4.

Mtafiti aliyekwisha kumaliza uzamivu muulize kuhusu majaribio yaliyomshinda. Anayo mengi na hakuna anayemuulizaga, kwa hiyo andaa muda.

Profesa mpelekee grafu moja, yenye nukta za kila panya, si wastani peke yake. Wa kwetu akisema "mmh, nzuri", ujue hajaamini, rudia.

Usimsahau anayeosha vyombo vya glasi. Mwambie vyombo vipi ni vya spektromita, avisuuze mara nyingi bila sabuni au akuachie uoshe mwenyewe, kwa sababu mabaki ya sabuni huonekana kwenye kila kipimo.

Mwisho ni mimi. Friza la nyuzi −80 lina ramani iliyobandikwa mlangoni. Jaza jina, tarehe na rafu kabla hujafungua, na mlango usikae wazi ukiwa unatafuta. Sanduku lisilo na jina nalitoa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na sitaki kusikia lilikuwa la nani.