Chombo kikienda mrama: namna ya kuuzoesha mwili bahari

Mpwa wangu alipoomba kazi chomboni nilimwambia asijihukumu mpaka siku tatu zipite. Tulipakia saruji na vitunguu Tanga, tukang'oa nanga jua likizama, kuelekea Wete, kisiwani Pemba. Taa za mji hazijapotea, yeye ameshainama ukingoni. Ilikuwa Julai, pepo za kusi zimekaza, na jahazi likiingia mkondo wa Pemba majira hayo halitulii hata dakika.

"Mjomba, nitakufa?"

Nikamwambia hufi, ubongo wako unapiga hesabu upya.

Binti yangu anasomea fiziotherapia, na ndiye aliyenipa maneno ya jambo nililolijua kwa nyayo miaka thelathini. Ndani ya kila sikio mna vifereji vitatu vyenye majimaji, vinavyopima kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye punje ndogo za chokaa, vinavyopima kuinama, kupanda na kushuka. Habari hizo hukutana ubongoni na habari za macho, na za nyayo, magoti na shingo. Nchi kavu wote husema mamoja. Lakini kaa chini ya sitaha: jicho linaona mbao zimetulia, sikio linasema tunapanda, tunashuka. Ubongo haujui umsadiki nani, na hapo ndipo moyo unapochafuka. Aliniambia pia kwamba mwaka 1882 William James wa Marekani alikusanya habari za viziwi zaidi ya 500, na zaidi ya theluthi moja yao hata wakizungushwa hawakuona kizunguzungu kabisa. Sikio lao la ndani lilikuwa kimya, basi ugomvi ungetoka wapi?

Kwa hiyo usishindane na tumbo. Kazi yako ni kuupa ubongo habari za kweli mpaka ukubali.

Anza kabla ya kupanda. Usije na njaa, wala usije umeshiba pilau. Mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha. Kama unatumia kidonge, muulize mfamasia, ukimeze mapema. Ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Vidonge vingi vya namna hiyo vinalaza, kwa hiyo abiria anaweza kumeza, lakini mtu wa kupanda mlingoti simpi.

Mahali pa kukaa ni katikati, karibu na mlingoti. Wazee walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa na maana yao nyingine, lakini kwa mwenye kigegezi maneno hayo ni ya kweli vilevile: omo, yaani mbele ya chombo, inarushwa juu, tezi, yaani nyuma, inafuata, katikati ndiko kunakocheza kidogo. Ila usishuke ngamani penyewe, chini kabisa ya chombo, maji yake yananuka na hewa hakuna.

Macho yapeleke mbali, pale mbingu inapogusana na bahari, maana mstari huo hauchezi na sikio halina la kuubishia. Usiku tafuta taa ya mnara au nyota iliyo chini. Usipoona kitu, lala chali na ufumbe macho. Afadhali jicho linyamaze kuliko liseme uongo. Simu weka mfukoni. Nimeona vijana wenye afya wakiangushwa na ujumbe mmoja wa simu.

Sasa miguu, na hapa wengi wanakosea. Mgeni hukumbatia nguzo kwa mikono miwili, akakaza magoti kama kigingi. Hapo nyayo hazijifunzi kitu. Vua viatu, tanua miguu, legeza magoti, uguse kamba kwa ncha za vidole viwili tu. Vidole hivyo havikubebi, vinauambia ubongo umeegemea wapi, na mwili unatulia kuliko unavyodhani. Mara ya kwanza fanya hivi mchana, ndani kabisa ya ukingo, na mtu karibu.

Saa za mwanzo usizungushezungushe kichwa. Lakini ukipata nafuu, kigeuze kwa makusudi, kulia na kushoto, tembea, fanya kazi. Ubongo hujifunza kwa kukosea: unakisia chombo kitainama hivi, unakosa, unasahihisha. Anayelala safari nzima amejifunga shuka huinuka siku ya tatu mgeni vilevile. Wimbi la kuchungwa ni lile refu, la kupanda na kushuka kila sekunde tano hivi. Hilo ndilo linalolevya. Vile viwimbi vya kugongagonga vinaudhi tu.

Dawa yangu kubwa ni usukani. Kulipokucha nilimpa mpwa wangu ashike, nami mkono wangu juu ya wake. Anayeongoza analiona wimbi likija na anajua chombo kitageuka wapi, basi ubongo unatangulia badala ya kushtuliwa. Rangi ilimrudi usoni kabla hajajua.

Ukitapika, piga magoti upande wa demani, kule upepo unakoelekea, mtu akushike nguo. Upande wa joshi, kule upepo unakotoka, utarudishiwa mwenyewe, na wenzio hawatakusamehe.

Kuna jambo ambalo hawakuambii: ukishazoea, nchi kavu nayo inakuwa chombo. Wete tuliingia hotelini kunywa chai, mpwa wangu akaishika meza kwa hofu kwamba inapanda. Ubongo ulikuwa bado unakata mawimbi yasiyokuwepo. Hatari yake iko bafuni: umejaza sabuni usoni, macho umefumba, ukuta unakujia. Shika ukuta kabla hujafumba macho. Kwa watu wengi hali hiyo huisha kwa saa chache au siku moja mbili, na kutembea kunaiharakisha kuliko kulala. Ikipita wiki bado unayumba, nenda kwa daktari. Na kizunguzungu kinachokuja na ulimi mzito, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, usikisingizie bahari: hospitali saa hiyohiyo.

Tulirudi Tanga siku ya nne, upepo uleule. Alitapika mara moja, akasukutua, akauliza kama kuna chai iliyobaki.