Chumba cha kufulia kisinuke uvundo hata mvua ikinyesha wiki nzima

Watu wengi wakisikia harufu kwenye chumba cha kufulia wanakimbilia spreya, ila spreya inafunika tu, baada ya muda uvundo uko palepale umechanganyika na maua. Harufu inatoka kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo tafuta yametuama wapi.

Anza na shimo la maji machafu pale sakafuni. Chini yake kuna bomba lililopinda linalobakiza maji kidogo, hayo maji ndo yanazuia hewa chafu isipande, sasa kama hukufulia humo wiki kadhaa, hasa kiangazi cha Januari, maji yanakauka na chumba kinanuka kama choo. Mwaga jagi moja tu la maji. Kama bado, vaa glavu, toa kichujio, vuta zile nywele na utelezi wa sabuni, sugua kwa brashi, alafu weka beking soda nusu kikombe na siki, subiri robo saa, umwage maji ya moto (yasichemke sana manake mabomba mengi ni plastiki).

Tafadhali sana, Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) usiichanganye na siki hata siku moja, inatoa gesi ya klorini na hivi vyumba vyetu ni vidogo. Nepi zenye mkojo nazo suuza kwanza kwa maji mengi kabla ya kuweka Jik, Jik na mkojo pia vinatoa hewa ya sumu.

Wenye mashine, funua ule mpira wa mlangoni kwa kidole, utakuta ute mweusi, soksi ya mtoto na coini ya shilingi mia. Futa kwa tambara, chomoa kidroo cha sabuni ukisugue, mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa nyuzi 60, na ukimaliza kufua mlango uache wazi. Sabuni nayo punguza jamani, ikizidi inabaki kwenye nguo na kwenye mashine na bakteria wanaishi humo. Wa beseni na jerikeni, vipindue vikauke, usiache maji ya kusuuzia hadi kesho.

Taulo mbichi usitupe kwenye ndoo yenye mfuniko, weka kwenye tenga linalopitisha hewa.

Sasa shida kubwa ya huku kwetu ni kuanika ndani. Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba mvua haikupi nafasi, na wengine wanaanika ndani kwa kuogopa inzi wa maembe anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, uoga huo naukubali kabisa kwa sababu yale mabuu yanaingia kwenye ngozi. Lakini ukijaza kamba chumba kizima na dirisha umefunga, unyevu wote unaingia ukutani na ukungu unaota. Bora uanike nje juani, alafu piga pasi ya moto pande zote mbili, kwenye mishono na mikanda ya chupi hasa, joto linaua mayai. Ukilazimika ndani, acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, fungua dirisha, washa feni kama umeme upo. Kikapu cha mkaa mkavu usiowashwa pembeni kinasaidia kunyonya harufu, uuanike juani kila baada ya wiki mbili.