Kurudi kituoni: kukagua kinu cha nyuklia baada ya janga, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa wakaguzi wa mamlaka za udhibiti wa nyuklia. Utawafaa pia wasimamizi wa vituo wanaotaka kujua mkaguzi anatafuta nini anaporudi getini. Namba nyingi hapa ni za kanuni za Marekani, kwa sababu zimeandikwa kwa kina na ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Leseni ya kituo chako ikisema vingine, fuata leseni.

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoingia, wakaguzi wengi, hata wale ambao kituo cha umeme ndicho ofisi yao ya kila siku, walijikuta wakifanya kazi nyumbani. Waliangalia data za kinu kwenye kompyuta, walisoma kumbukumbu za zamu, na mikutano waliifuatilia kwa simu. Kazi hiyo haikuwa bure. Lakini kompyuta hainusi mafuta yaliyoungua wala haisikii beringi inayolia. Kwa hiyo unapopanga kurudi, kabla ya kuhesabu kaguzi zilizobaki, jiulize: ni nini ambacho jicho la mtu wetu halijakiona, na tangu lini?

Hatua ya 1: Fungua daftari moja la madeni

Weka mahali pamoja vitu ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye mafaili manne tofauti: kaguzi zako zilizoahirishwa, kaguzi zako zilizofanyika kwa mbali, misamaha ya kanuni aliyopewa mwenye leseni (kampuni inayoendesha kituo), na kazi za matengenezo au vipimo alivyoviahirisha yeye mwenyewe. Kila mstari uwe na tarehe ya mara ya mwisho kifaa kuonwa kwa macho, tarehe ya awali ya kukikagua tena, tarehe mpya, na sababu.

Watu hukosea zaidi kwenye tarehe. Kanuni za uendeshaji huruhusu kipimo kuchelewa kwa asilimia 25 ya muda wake: kipimo cha kila siku 31 kinaweza kusogea hadi siku 38 na robo tatu. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya dharura za kupanga ratiba, haikukusudiwa iwe ratiba yenyewe. Chukua tarehe za vipimo vya miezi 24 iliyopita uzipange mfululizo. Ukikuta kifaa kilekile kimepimwa kila baada ya siku 37 au 38 mara sita mfululizo, hakuna kanuni iliyovunjwa kwa hesabu, ila mwenye leseni ameshazoea kuishi ndani ya siku za nyongeza. Andika hoja.

Hatua ya 2: Funga misamaha, mmoja mmoja

Usidhani msamaha umekufa kwa sababu tarehe yake imepita. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, lakini mazoea ya zamu hayasomi matangazo.

Anza na saa za kazi. Kanuni ya kawaida ya Marekani inaweka kikomo cha saa 16 ndani ya saa 24, saa 26 ndani ya saa 48, na saa 72 ndani ya siku 7. Wakati wa janga vituo vilivyoomba viliweza kupewa nafasi ya hadi saa 86 ndani ya siku 7, na zamu za saa 12 kwa siku 14 mfululizo.

Hesabu ya siku 7 inatembea. Haifuati wiki ya kalenda, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mfano: fundi amepumzika Jumatatu na Jumanne, akafanya zamu za saa 12 kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Wiki hiyo ana saa 60. Wiki inayofuata anaanza Jumatatu hadi Ijumaa, saa 60 tena. Karatasi ya malipo inaonyesha wiki mbili safi. Hesabu sasa kutoka Jumatano ya kwanza hadi Jumanne ya pili: siku 7, saa 84. Hiyo ilikuwa halali chini ya msamaha, leo ni ukiukaji.

Usikague kwa kutumia karatasi za mahudhurio peke yake. Omba kumbukumbu za geti za watu 10 hadi 15: waendeshaji wa chumba cha udhibiti, mafundi wa matengenezo, walinzi, kikosi cha zimamoto. Linganisha muda wa kuingia na kutoka na saa zilizoandikwa. Muda wa kukabidhiana zamu hauhesabiwi, kwa hiyo tofauti ya nusu saa isikushtue. Tofauti ya saa tatu ikushtue.

Hatua ya 3: Panga foleni

Kilichochelewa zaidi si lazima kiwe cha kwanza. Weka mbele kifaa ambacho kikishindwa hakuna kingine cha kukisaidia, halafu ndani ya kundi hilo tanguliza kilichokaa muda mrefu bila kuonwa. Jenereta za dharura za dizeli, betri, pampu za kupeleka maji ya kupoza na valvu zake ziko juu. Ukaguzi wa mafaili ya mafunzo unaweza kusubiri mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Zunguka mtambo kabla ya kusoma chochote kipya

Tenga siku mbili nzima. Zunguka na mwendeshaji wa zamu, asiwe mtu wa idara ya mahusiano na mdhibiti, maana huyu wa pili anajua njia nzuri za kupita.

Tuchukue chumba cha jenereta ya dizeli. Jenereta hii ndiyo inayoendesha pampu za usalama umeme wa gridi ukikatika. Inatakiwa kuwaka na kufikia volti na masafa yake ndani ya takriban sekunde 10. Kila mwezi huwashwa na kubebeshwa mzigo kwa angalau dakika 60. Karatasi itakuambia imefaulu kila mwezi. Ukiwa ndani ya chumba, fanya hivi:

Gusa upande wa injini ikiwa imezimwa. Uwe na joto, kwa sababu vipasha joto vya maji na mafuta vinapaswa kufanya kazi muda wote. Injini baridi huwaka kwa shida na husagika inapowaka.

Angalia chini ya mifereji ya mafuta. Ukikuta pedi za kufyonza mafuta, uliza ziliwekwa lini na nani huzibadilisha. Pedi mpya kila siku ina maana kuna uvujaji ambao umefanywa sehemu ya usafi.

Soma presha ya matangi ya hewa ya kuwashia. Kwa kawaida kila seti inapaswa kutosha kuwasha mara 5 bila kujazwa. Sikiliza kompresa: ikiwaka mara kwa mara wakati hakuna anayetumia hewa, kuna valvu inayovuja.

Fuatilia fueli kutoka tangi kubwa, ambalo kwa kawaida hutosha siku 7. Omba majibu ya maabara ya uchafu, ambayo kikomo chake huwa miligramu 10 kwa lita, na uulize maji yaliyotuama chini ya tangi la kila siku (tangi dogo linalolisha injini) yalikaguliwa lini. Wakati wa janga maabara za nje zilichelewesha majibu, na sampuli mbili zilizotumwa pamoja zinaweza kuwa zimejaza nafasi ya miezi miwili. Tazama tarehe ya kuchota, usitazame tarehe ya jibu.

Katika mzunguko huohuo, tafuta vitu vilivyoletwa na janga lenyewe. Hivi havimo kwenye orodha za zamani za ukaguzi, na ndivyo tunavyoona vikipitwa.

Kwanza, makasha ya vitakasa mikono. Dawa hiyo ni alkoholi kwa zaidi ya nusu, inashika moto upesi. Makasha 20 chini ya trei za nyaya yanabadilisha kabisa hesabu ya moto ya chumba hicho. Pili, vizuizi vya plastiki ngumu kwenye chumba cha udhibiti: vilipitishwa kama mabadiliko ya muda? Vimefungwa ili visianguke juu ya paneli wakati wa tetemeko? Vinaziba njia ya hewa au taa ya kengele? Tatu, dawa za klorini. Klorini ikibaki juu ya chuma cha pua chenye joto inaweza kuanzisha nyufa ndogo, ndiyo maana vituo hudhibiti kemikali zinazogusa mabomba. Mtu wa usafi aliyepewa chupa ya kupuliza mwaka 2020 huenda hakuambiwa hilo. Nne, vichujio vya mkaa vya chumba cha udhibiti, vinavyonasa iodini ya mionzi. Mvuke wa dawa na rangi huujaza mkaa, ukabaki na nafasi ndogo ya iodini. Uliza kama kipimo cha mkaa kilirudiwa baada ya kipindi cha kupulizia dawa kwa wingi.

Hatua ya 5: Watu

Leseni ya mwendeshaji wa Marekani hubaki hai kwa yeye kukaa zamu 7 za saa 8, au 5 za saa 12, kila robo ya mwaka. Akipungukiwa, anarudi kwa saa 40 chini ya usimamizi, pamoja na kuzungushwa mtambo wote. Wakati wa janga baadhi ya vituo viliwaweka waendeshaji wa akiba mbali na wenzao. Ni hatua ya busara, lakini akiba hao ndio wa kukagua kwanza: robo ipi walikosa, na nani alisimamia saa 40 zao?

Pitia pia vipimo vya kukaa kwa kinyago cha kupumulia. Hufanywa kila mwaka, na vilisogezwa vingi. Mtu aliyepungua au kunenepa kilo nyingi, au aliyefuga ndevu, kinyago chake cha zamani hakizibi tena. Kwenye simuleta (chumba cha udhibiti cha mfano, cha kufanyia mazoezi), chagua zoezi ambalo halikufundishwa wakati madarasa yalipofupishwa, kisha utazame namna wanavyozungumza. Waliozoea kuongea kupitia barakoa na vizuizi mara nyingi huacha kurudia maagizo kwa sauti.

Hatua ya 6: Soma ripoti za hitilafu kinyumenyume

Kila kituo kina utaratibu wa kuandika hitilafu, kuanzia taa iliyoungua hadi pampu iliyogoma, na kituo kimoja huandika maelfu kwa mwaka. Chora grafu ya kila mwezi kwa kila idara, kuanzia mwaka mmoja kabla ya janga.

Mstari ukishuka, mwenye leseni atasema hali imeboreka. Usimkubalie haraka. Hitilafu huandikwa na watu wanaopita. Watu wakipungua sakafuni, hitilafu zinaendelea ila zinakosa mwandishi. Pima hivi: tenganisha ripoti zilizoandikwa na mtu aliyeona kitu na zile zilizotokana na kengele au kipimo. Za macho zikishuka kwa nusu na za kengele zikabaki palepale, mtambo haukubadilika, waliopungua ni watazamaji.

Halafu soma hati za kuahirisha matengenezo. Kila hati inatakiwa kuwa na hoja ya kihandisi. Zisome kumi mfululizo kwa sauti. Ukisikia sentensi moja ikirudiwa kwa pampu, kwa rilei na kwa kipimapresha, hakuna mhandisi aliyefikiri hapo. Vifaa vya elektroniki vyenye kapasita na sili za mpira huzeeka hata vikiwa vimekaa tu. "Haijatumika sana" si hoja kwao.

Hatua ya 7: Kipindi cha kuzima kinu

Vituo vingi vilipunguza kazi za kipindi cha kubadilisha fueli ili kupunguza wakandarasi. Vingine Marekani viliomba, mwaka 2020, kusogeza ukaguzi wa mirija ya jenereta za mvuke hadi kipindi kinachofuata. Mirija hiyo ni maelfu, unene wa ukuta wake ni karibu milimita moja, na ndiyo inayotenganisha maji yenye mionzi na mvuke unaokwenda kwenye tabo (turbini). Mrija uliolika asilimia 40 ya unene kwa kawaida huzibwa.

Ombi la kuahirisha lilijengwa juu ya makadirio ya kasi ya kulika. Sasa una vipimo halisi. Linganisha: makadirio yalisema nini, na mikondo ya eddi (kipimo cha umeme kinachosoma unene wa mirija) imeonyesha nini? Makadirio yakiwa yamezidiwa hata kwa mirija michache, hoja zote zilizotumia mfano uleule wa hesabu zifunguliwe upya. Kazi hii ni ya jioni moja, na mara nyingi hairukwi kwa uvivu, inarukwa kwa sababu aliyeidhinisha ombi na anayesoma vipimo wako idara mbili tofauti.

Hatua ya 8: Amua kipi kibaki kwa mbali

Mikutano ya asubuhi, kusoma taratibu, kufuatilia data za kinu usiku: endelea hivyo hivyo. Ila ukaguzi wa mbali una kasoro moja isiyotibika: unatangazwa daima, kwa sababu lazima mtu akufungulie mafaili au akushikie kamera. Rudisha ziara za kushtukiza, zikiwemo za usiku na wikendi, kwa idadi ileile ya kabla ya janga.

Akaunti za kompyuta zilizofunguliwa kwa haraka ziorodheshwe. Ya aliyehama au kustaafu ifungwe siku hiyohiyo.

Mwisho, turudi kwenye daftari la hatua ya 1. Kaguzi ulizozichelewesha zirudishwe kwenye miezi yake ya awali, usizihesabu upya kuanzia siku ulipozifanya. La sivyo zote zitaangukia robo moja ya mwaka, na wakaguzi walewale watakimbizana nazo kila mwaka.