Kufunga hesabu za duka mwisho wa mwaka: anzia stoo

Mwongozo huu ni wa anayefunga hesabu za kampuni ya rejareja Tanzania Bara, mwaka unaoishia 31 Desemba. Ritani ya mwaka TRA wanaitaka ndani ya miezi sita, kwa hiyo makaratasi yana muda. Stoo haina. Namba za mfano ni za kutunga, duka la mwaka 2023 ambalo bidhaa zake zote zinatozwa VAT ya asilimia 18.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo. Usiku wa tarehe 31 funga duka, kisitoke wala kuingia kitu. Pangeni wawili wawili, mmoja anahesabu, mwenzake anaandika. Wote wawili wasione idadi iliyo kwenye mfumo, maana wakiiona wataiandika hiyohiyo. Na maboksi yaguswe. Kuna mwaka niliandika katoni 40 za juisi kwa kuzitazama tu. Nilipoinua za safu ya nyuma, 11 zilikuwa tupu, zimepangwa vizuri kabisa.

Kagua pia ankara. Mzigo ulioingia tarehe 30 na ankara yake ikaja Januari ni ununuzi wa mwaka huu. Ukiuhesabu bila kuingiza ankara, faida inavimba.

Hatua ya 2: Upe thamani. Tumia bei ya kununulia bila VAT unayorejeshewa, au kiasi utakachopata ukiuza na kutoa gharama za kuuza, ipi ndogo. Bei ya kwenye shelfu isahau. Kilichopitwa na tarehe ni sifuri, hata kama bosi ananuna. Mwambie hivi: tukizidisha mzigo kwa milioni 10, faida inapanda milioni 10, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 inatula milioni 3 kwa faida ambayo haipo.

Hatua ya 3: Linganisha mauzo. Weka pamoja ripoti za Z (jumla ya mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, leja, taarifa za benki na za lipa namba. Tofauti nyingi huku ni makato ya benki na ya lipa namba: karani anaandika kilichoingia badala ya alichouza. Andika mauzo kamili, makato yaende kwenye gharama. Kisha toa VAT: milioni 708 gawanya kwa 1.18, unabaki na milioni 600.

Hatua ya 4: Marekebisho. Pango lililolipwa mbele, umeme wa Desemba ambao haujalipwa, uchakavu wa majokofu. Halafu toa urari (orodha ya salio la kila akaunti) upya.

Hatua ya 5: Faida ghafi. Mzigo wa kuanzia milioni 70, ongeza manunuzi 500, toa mzigo wa mwisho 90. Gharama ya mauzo ni milioni 480, faida ghafi 120, sawa na asilimia 20 ya mauzo. Ikishuka ghafla kuliko mwaka jana na bei hazijabadilika, rudi hatua ya 1 kabla hujamshuku keshia.

Hatua ya 6: Uwiano. Mali za muda mfupi ni milioni 120: mzigo 90, wadaiwa 10, taslimu 20. Madeni ya muda mfupi ni 80. Gawa 120 kwa 80, uwiano ni 1.5, na wengi hufunga faili hapo. Sasa ondoa mzigo: 30 kwa 80 ni 0.375. Kila shilingi 100 ya deni ina shilingi 37 na ushee za kuilipa, nyingine zimekaa kwenye shelfu.

Zimekaa muda gani? Wastani wa mzigo ni milioni 80, na 480 ukigawa kwa 80 unapata mizunguko 6 kwa mwaka, takriban siku 61 kila mmoja. Wasambazaji wanadai milioni 60. Gawa kwa manunuzi 500, zidisha kwa 365, unapata siku 44. Wanalipwa siku 17 kabla mzigo haujageuka pesa. Ndiyo maana mwenye duka anaona faida kwenye karatasi huku akikopa kulipa mishahara.

Hapo chapisha orodha ya bidhaa ambazo hazijauzwa hata moja kwa siku 90, ipange kwa thamani, kubwa juu. Nenda nayo kwa bosi pamoja na mizania.