Kufunga Spoila ya Nyuma: Tanguliza Uzi, Drili Baadaye

Hewa inayopita juu ya paa na kuteremka kwenye kioo cha nyuma huongeza kasi, mgandamizo wake hupungua, na mkia wa gari huanza kunyanyuka. Spoila, yaani kipande kama bawa kinachofungwa nyuma ya gari, huikatiza hewa hiyo ili matairi ya nyuma yaendelee kushika barabara. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo, yaani kwenye kilomita 120 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 60, na ndiyo sababu kwenye foleni za mjini hubaki kuwa pambo. Audi TT iliyotoka mwaka 1998 haikuwa nayo. Baada ya ajali za mwendo mkali nchini Ujerumani, magari hayo yaliitwa yarudi, yakafungiwa spoila, yakaongezewa mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti na kurekebishwa saspensheni.

Hatua ya kwanza, ambayo mafundi wengi huiruka, ni kuiona hewa. Kata nyuzi za sufu za sentimita 10 hivi, uzibandike kwa tepu kutoka ukingo wa paa hadi kwenye buti, kisha mtu aliye katika gari jingine akupige video katika barabara tupu. Uzi uliolala kuelekea nyuma unaonyesha kwamba hewa inafuata bodi. Unaozunguka au kugeukia mbele unaonyesha kwamba imevurugika, na spoila fupi iliyofichwa humo haitasaidia kitu.

Hatua ya pili ni kuchagua pembe, yaani kiasi cha kuiinamisha spoila. Anza na iliyo ndogo, hasa kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele, kwa kuwa bawa kubwa lililokaa nyuma ya ekseli hukandamiza mkia na kuipunguzia pua uzito.

Hatua ya tatu ni kufunga. Niliwahi kuletewa gari ambalo spoila yake ilishikwa na tepu ya pande mbili peke yake. Nilipoinua kona moja kwa kidole, tepu ililainika kwa jua na kuvutika kama bablishi. Tumia bolti, uweke bamba la chuma ndani ya mlango wa buti chini ya nati, kwa sababu bati lenyewe ni jembamba, na kila tundu ulipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuliziba kwa silikoni.

Mwisho, lijaribu gari kwenye barabara ileile, kwa upepo uleule wa matairi na mzigo uleule; usukani ukiwa mwepesi kuliko awali, punguza pembe.