Kupima mlango wa kizazi: unafanyiwa nini na karatasi ya majibu unaisomaje

Haya wadada, maswali ya kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi yamekuwa mengi sana na nilichoona ni kwamba wengi mmeshapima tayari, shida ipo kwenye karatasi. Mtu kaandikiwa "chanya" anakaa nyumbani analia, kituoni harudi, wakati pale pale alipoandikiwa ndo dawa ilikuwepo. Nazungumzia hapa kwetu Tanzania, Kenya haipishani sana.

Kabla ya kwenda. Kupima ni miaka 30 mpaka 50, ukiwa na VVU anza ukiwa na 25. Subiri hedhi iishe, na siku mbili kabla usijisafishe kwa ndani, usiweke dawa yoyote ukeni na mzee apumzike kidogo, tendo la ndoa hakuna. Vaa gauni au sketi utajishukuru. Na hii ya kwamba lazima unyoe kwanza sijui mmeitoa wapi, nesi anaangalia ndani hana habari na hayo.

Hatua ya 1, mapokezi. Nenda kliniki ya afya ya uzazi kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, vituo vingi vya serikali hawalipishi kipimo hiki ila uliza kwanza. Utaulizwa umezaa mara ngapi, hedhi ya mwisho lini, hali yako ya VVU. Sema ukweli tu, mana hapo ndo wanapanga urudi lini.

Hatua ya 2, kitandani. Unalala chali unakunja magoti, wanaingiza ukeni kile kifaa cha mdomo wa bata kinachopanua njia waone ndani. Ukikaza misuli kitauma, ukivuta pumzi na kulegeza makalio unasikia kubanwa tu. Kuanzia hapo inategemea kituo chako kina kipimo gani, na hili lishike vizuri mana majibu yanasomwa tofauti:
- kipimo cha siki (VIA): wanapaka siki ya asilimia 3 mpaka 5, wanasubiri kama dakika moja, palipobadilika panageuka peupe. Itakuwasha kidogo. Majibu unapewa hapo hapo.
- Pap: wanakwangua seli kwa brashi zinaenda maabara kuangaliwa kwa hadubini, unarudi baadae.
- HPV: hiki ndo kirusi kinacholeta saratani hii, wanakitafuta chenyewe kwa mashine, na baadhi ya vituo wanakupa kijiti unajichukulia mwenyewe chooni, hata mdomo wa bata huuoni.

Hatua ya 3, majibu. Usitoke mlangoni kabla hujauliza maswali mawili: nimepimwa kwa kipimo kipi, na narudi lini.

Siki ikiwa hasi, rudi baada ya miaka 3, mwenye VVU huwa wanampangia mapema zaidi, mara nyingi kila mwaka. Siki ikiwa chanya maana yake weupe umeonekana, basi. Inaweza kuwa mabadiliko ya awali, inaweza kuwa ni michubuko na maambukizi ya kawaida tu, na hata kama ni mabadiliko, kutoka hapo mpaka saratani kwa kawaida ni safari ya miaka 15 mpaka 20, ila kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 mpaka 10. Wanakutibu kwa tiba mgando (wanapagandisha kwa baridi kali) au kwa kifaa cha joto, dakika chache tu na mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo ukiambiwa "tutibu leo" usiseme ngoja nikamuulize baba watoto alafu ndo tusikuone tena. Doa likiwa kubwa au limeingia ndani wanalikata kwa waya wa umeme, hapo utapewa rufaa.

Kuna jibu la tatu watu hawalijui, "inashukiwa saratani". Hili usilikalie hata wiki. Wanakata kinyama kwenda kupimwa, na ikithibitika ndo safari za hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando au KCMC.

HPV chanya ni kirusi kipo, sio ugonjwa. Watu wengi walioanza mapenzi wanakipata na mwili unakifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachotisha ni kikigoma kutoka, hasa aina ya 16 na 18 ambazo zinasababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi. Ukiwa chanya wanakuangalia tena, iwe kwa siki au njia nyingine. Hasi unakaa miaka 5 mpaka 10, mwenye VVU 3 mpaka 5.

Pap ndo yenye herufi za kutisha. NILM ni safi. ASC-US seli zina utata kidogo, LSIL mabadiliko madogo, hizo mara nyingi ni kufuatilia tu. HSIL mabadiliko makubwa, fanya haraka. Wakiandika sampuli haitoshi, unarudia tu hujaumwa.

MASWALI

Mama mapacha: Mimi HPV chanya, ina maana mume wangu anachepuka??
Jibu: Hapana mama, karatasi haisemi hivo. Kirusi kinaweza kukaa kimya miaka na miaka, hata kabla hamjajuana, hakuna daktari wa kukwambia kimetoka kwa nani. Kama una ushahidi mwingine hayo ni mengine.

Dada wa Tandika: nimefanyiwa tiba mgando natoka maji maji kila saa pedi imelowa
Jibu: Kawaida, yanaweza kwenda wiki 4 mpaka 6. Tendo la ndoa subiri mwezi mzima. Ukiona homa, harufu kali, damu nyingi au tumbo linakata sana rudi kituoni siku hiyo. Na baada ya mwaka urudi uangaliwe tena, wengi wanasahau hii.

Binti wa Moshi: mdogo wangu alichomwa chanjo shuleni, si ndo amemaliza?
Jibu: Hajamaliza. Chanjo ilianza nchi nzima 2018 na inasaidia sana ila haizibi aina zote za kirusi, akifika umri atapima kama wewe.

Mimi ni mjamzito: nipime sasa hivi?
Jibu: Kama huna dalili, jifungue kwanza, wiki 6 baada ya hapo nenda. Ukitoka damu usisubiri chochote, wahi hospitali.

Mkwe wa Iringa: mama mkwe ana 58, hedhi iliisha zamani sasa anaona damu kidogo kidogo, nimpeleke kwenye siku ya kupima bure?
Jibu: Usisubiri hiyo siku dada. Huyo ana dalili tayari, anatakiwa daktari wiki hii. Kwanza kwa umri wake siki haimfai sana kwa sababu ile sehemu ya kuangalia inakuwa imerudi ndani, anaweza kuambiwa hasi mkarudi nyumbani mmetulia bure. Mkifika mseme wazi "anatoka damu na hedhi ilishakoma", wamuangalie mlango wa kizazi na wampige ultrasaundi ya kizazi pia.